Ifungueni hiyo nakala: barua ya wazi kwa wakurugenzi na wamiliki wa kampuni

Waheshimiwa wakurugenzi, wenyeviti wa bodi na wamiliki wa kampuni,

Salaam.

YAH: KUTUNZA NA KULINDA KUMBUKUMBU ZA KAMPUNI ZENU

Jumatatu moja ya mwaka 2019, kabla ya saa mbili asubuhi, keshia wetu alinipigia simu mimi, fundi wa kompyuta wa kampuni, nikiwa bado kwenye daladala. Alisema kompyuta ya kaunta imejaa maandishi ya Kiingereza, na mafaili yote yameongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa majina. Nikamwambia asiguse kitu, achomoe tu waya wa mtandao. Nilishuka Tazara nikachukua bodaboda. Nilipofika, malori mawili ya wateja yalikuwa yameshapanga foleni getini, na seva ya kampuni, ile kompyuta kuu inayotunza mafaili, ilikuwa imefungwa yote: mauzo, stoo, mishahara, madeni. Wadukuzi walioifunga walitaka kikombozi kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni, na walitupa saa 72.

Kampuni hiyo sitaitaja, na wala haikuwa kampuni ya ovyo. Tulikuwa tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla: mabati, nondo, rangi, mabomba. Tulikuwa na matawi matatu, na wateja wengi wa mikoani waliokuwa wakichukua mzigo kwa mali kauli, wauze kwanza ndipo walipe. Ninyi ni wafanyabiashara, mnaelewa maana yake. Utajiri wa kampuni kama hiyo hauko stoo. Uko kwenye daftari la madeni, na daftari letu lilikuwa ndani ya seva.

Mkurugenzi wetu alifika saa tatu. Hakugomba. Aliniuliza swali moja: "Si tuna bekapu?"

Yaani nakala za akiba za mafaili yetu. Tulikuwa nazo mbili. Diski ya kwanza ilikuwa imechomekwa kwenye seva usiku na mchana, kwa hiyo ilifungwa pamoja na seva yenyewe. Kirusi hakikujali ipi ni asili na ipi ni nakala. Ya pili nilikuwa naichomeka kila Ijumaa jioni, ikishamaliza kunakili naichomoa na kwenda nayo nyumbani. Hiyo ilikuwa salama kabatini kwangu, Tabata. Nilirudi kuichukua moyo umetulia. Nilipoifungua, mauzo ya mwisho yaliyokuwemo yalikuwa ya miezi kumi na minne nyuma.

Ilinichukua mchana mzima kuelewa. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumebadilisha toleo la programu ya uhasibu, na toleo jipya lilihamishia hesabu kwenye folda nyingine. Kazi ya kunakili niliyokuwa nimeipanga iliendelea kila Ijumaa kuchukua folda ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa akiiandikia tena. Na kila Ijumaa iliniletea ujumbe wa rangi ya kijani: imefanikiwa. Ilikuwa imefanikiwa kweli. Ilinakili kile ilichoambiwa inakili.

Kosa hilo lilikuwa langu. Nililikiri mbele ya bodi wiki ile ile na nalirudia hapa. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeandika maombi mawili ya kununuliwa kompyuta ya pili, ya bei ya kawaida kabisa, ili niwe nafungulia nakala zangu na kuona kama zina uhai. Yote mawili yalirudi yameandikwa "subiri bajeti ijayo". Hakuna aliyeniuliza naitakia nini. Katika miaka mitatu sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote wa bodi kama nakala zetu zinafunguka. Kwenye vikao vyao niliitwa kufunga projekta, kisha nikatoka.

Kikombozi hatukulipa. Tulianza kuijenga upya kampuni kwa karatasi. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zilitusaidia kupata jumla ya mauzo ya kila siku, lakini mashine hizo hazijui nani kabakiza nini. Mama mhasibu alikuwa na mazoea ya kuandika kwenye kauntabuku madeni yale makubwa makubwa, mazoea ambayo sisi vijana tulikuwa tukimwambia yamepitwa na wakati; kauntabuku ile ndiyo iliyotulipia mishahara ya mwezi ule, japo kwa kuchelewa. Kilichobaki tuliwategemea wateja wenyewe. Mzee mmoja alitoka Songea kwa basi na daftari lake mkononi, akatuonyesha kila mzigo aliochukua, tarehe, na kiasi alichokuwa bado hajamaliza. Lilikuwa deni kubwa, na sisi hatukuwa na hata mstari mmoja wa kumdai. Wapo wengine walionyamaza wakisubiri waone. Na wapo waliosema kwenye simu: "Mimi nilishalipa, angalieni kwenye kumbukumbu zenu."

Tawi la Mbeya lilifungwa kabla mwaka haujaisha. Watu kumi na mmoja walirudi nyumbani: wapakiaji, dereva, keshia, mlinzi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kugusa seva.

Nimeandika haya yote kwa sababu kila ninapokwenda tangu siku ile, kwenye kampuni za uwakala wa forodha, hospitali binafsi, SACCOS, shule na viwanda vidogo, nauliza swali moja na kupata jibu moja. Nauliza: mna nakala? Wanajibu: tunazo. Nauliza: mara ya mwisho kuifungua ilikuwa lini? Hapo wanatazamana. Nakala ambayo hamjawahi kuirejesha kwenye mashine nyingine na kufanyia kazi, hamjui kama mnayo. Na anayetakiwa kujua ni ninyi mnaotia saini hundi, kwa sababu ninyi ndio mnaoamua kijana wa IT apewe nini na aulizwe nini.

Wakubwa kuliko sisi wameumia kwa jambo hili hili. Mnaijua Maersk; makontena yake yanapita bandarini Dar es Salaam na Mombasa kila siku. Juni 27, 2017 ilipigwa na programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya. Ilipandikizwa ndani ya masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu iliyokuwa ikitumika sana Ukraine, na Maersk ilikuwa na kompyuta moja yenye programu hiyo katika ofisi yake ya Odessa. Moja ilitosha. Kazi ilikwama kwenye vituo 17 kati ya 76 vya bandari vilivyokuwa chini yake, malori yakapanga foleni mageti hayafunguki, na hasara ikahesabiwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Wataalamu wake walipoanza kuokoa walikuta nakala za seva nyingi zipo. Kilichokosekana ni kitu kimoja: zile seva zinazotunza orodha ya nani ni nani ndani ya kampuni, nani aruhusiwe kuingia wapi. Zilikuwa kama 150 duniani kote na zilikuwa zikinakiliana, kila moja ikiwa kivuli cha mwenzake, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuweka nyingine pembeni. Zilifutika zote kwa pamoja. Isipokuwa moja, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kule kabla ya shambulio, seva ikazimika, kirusi kikapita bila kuikuta. Mtandao wa kule ulikuwa mwembamba mno kutuma mzigo ule Uingereza, walikokusanyika wataalamu wa kuokoa; ingechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski pale uwanjani, naye akaruka nayo hadi London.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya bahati njema. Mimi kinanitia hofu kila ninapokikumbuka. Kampuni ile ilisimama tena kwa sababu umeme ulikatika mahali fulani kwa wakati fulani, na baada ya hapo ilikuwa na fedha na watu wa kufunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi, kama mwenyekiti wake wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alivyoeleza kwenye mkutano wa uchumi wa Davos mwaka uliofuata. Kampuni ya watu arobaini pale Keko haina watu hao wala fedha hizo.

Uingereza kulikuwa na kampuni ya malori ya KNP, yenye historia ya miaka 158. Mwaka 2023 wadukuzi waliifungia mafaili yake. Ilikuwa na bima ya mashambulio ya mtandaoni. Ilivunjika miezi michache baadaye na watu wapatao 700 wakapoteza kazi. Inaaminika mlango ulikuwa nywila ya mfanyakazi mmoja iliyokisiwa.

Wengi wenu siku hizi mnanijibu kwa neno moja: wingu. Mnasema tumehamia kwenye wingu, yaani kumbukumbu zenu zinatunzwa kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, mambo ya diski yamekwisha. Mmefanya vema kuhamia, nami huwashauri wengi wahame. Lakini wingu hilo ni majengo yaliyo chini, yana milango, yana nyaya, yana umeme. Machi 10, 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto. Jengo moja liliteketea lote na la jirani likaungua sehemu. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, na nakala hizo zilikuwa zimewekwa kwenye kiwanja hicho hicho. Wateja hao walikuwa wamelipa bila kuuliza zinakaa wapi. Je, ninyi mmeuliza?

Na hapa kwetu Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika. Intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi za jirani kwa siku kadhaa. Nilikuwa kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha Jumatatu yake. Hesabu zao zote zilikuwa kwenye wingu, hazikupotea, hazikuibiwa, na hawakuweza kuzifikia. Mteja alisimama pale anataka ankara yake ya mwezi uliopita. Hakuna aliyekuwa na hata orodha ya wateja iliyochapishwa kwenye karatasi.

Moto, mafuriko na kuta zinazoanguka navyo vinahesabika, tusidhani maadui ni wadukuzi peke yao. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, nilipita pale asubuhi. Baada ya hapo niliacha kuridhika na nakala inayokaa jengo moja na seva, hata iwe ndani ya sefu ya chuma.

Nije kwenye milango, kwa sababu mwizi mara nyingi anaingia kwa ufunguo tuliompa wenyewe.

Kwenye kaunta zenu kuna akaunti moja inayotumiwa na watu watano. Nywila yake ni jina la kampuni na mwaka, na imeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kioo. Siku fedha zikipungua hamwezi kujua nani alifuta ile risiti, kwa sababu kwenye mfumo wote watano ni mtu mmoja. Nimeona keshia asiye na hatia akikatwa mshahara kwa ajili hiyo, na nimemwona akilia stoo. Kumpa kila mtu jina lake na nywila yake hakugharimu kitu. Kunahitaji mkurugenzi aseme: kuanzia Jumatatu, hakuna kuazimana.

Halafu kuna wale walioondoka. Meneja mauzo anaacha kazi, mnamfanyia sherehe na keki, na miezi sita baadaye barua pepe yake ya kampuni bado inafunguka kwenye simu yake. Colonial Pipeline, kampuni inayosafirisha mafuta kwa bomba mashariki mwa Marekani, ilisimamisha bomba lake Mei 2021 baada ya wadukuzi kuingia kwa nywila ya akaunti ya zamani iliyokuwa imeachwa wazi, isiyo na uthibitisho wa pili wa kwenye simu baada ya nywila. Ililipa kikombozi cha dola milioni 4.4. Ikapewa chombo cha kufungulia mafaili kilichokuwa kizito na cha polepole kiasi kwamba walirudi kwenye nakala zao wenyewe. Naomba wale mnaosema "ikitokea tutalipa tu" mkisome kifungu hiki mara mbili.

Na kuna simu za wafanyakazi. Afisa mauzo anamfungulia mteja mali kauli, anahitaji kitambulisho cha NIDA, TIN, barua ya serikali ya mtaa, picha ya duka. Vyote vinatumwa WhatsApp kwenye simu yake binafsi. Kutoka hapo vinatumwa kwenye kundi la ofisi lenye watu ishirini, wengine wameshaacha kazi. Kisha printa ya ofisi haina wino, basi anavituma stesheneri ya mtaani vichapishwe. Niliwahi kukaa kwenye kompyuta ya stesheneri moja kumsaidia mwenye duka kuondoa virusi. Kwenye folda ya vilivyopakuliwa nilikuta mikataba ya ajira, vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, majibu ya vipimo vya hospitali. Watu wale hawajui kuwa wapo pale. Nilifuta kwa idhini ya mwenye duka, na nilipopita tena baada ya wiki mbili palikuwa pameshajaa.

Hata karatasi. Nimenunua karanga zilizofungwa kwenye ukurasa wa orodha ya mishahara, yenye majina, namba za benki na makato ya kila mtu. Jina la ofisi lilikuwepo juu. Niliutunza ukurasa ule mpaka nilipoupeleka mwenyewe getini kwao, na mtu wa mapokezi aliupokea bila kuutazama, akauweka juu ya magazeti.

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Tunaposema "data ya kampuni", neno hilo linatuficha watu. Orodha ya wateja ni akina mama wenye maduka Tunduma na Kahama ambao wametupa namba zao za simu na vitambulisho vyao kwa sababu walituamini. Faili la mishahara ni kijana anayemsomesha mdogo wake, na asingependa jirani ajue anapata kiasi gani. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Inawataka mjisajili, muwe na afisa anayesimamia ulinzi wa taarifa hizo, na muiarifu Tume usalama wake ukivunjwa. Kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini inayofika hadi shilingi bilioni 5.

Majirani zetu wametangulia kidogo na tunaweza kuona njia inakoelekea. Kenya ina sheria yake tangu 2019, na taarifa zikivuja kampuni ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na kampuni ya mikopo ya kwenye simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa wengine. Klabu na shule, waheshimiwa, wala si benki. Anayedhani sheria hizi zimetungwa kwa ajili ya kampuni za simu peke yake ajifikirie upya.

Nimeona ofisi nyingi zikijisajili, zikatundika cheti mapokezi, na orodha ya mishahara ikaendelea kwenda kufunga karanga. Cheti kile kinawapendeza wageni. Mama wa Tunduma hakimlindi.

Sasa kuhusu huyo kijana wenu wa IT. Mara nyingi yuko peke yake. Anarekebisha printa, anafunga kamera, anaweka wino, anatengeneza simu ya mtoto wa bosi, anapanda juu ya dari kuvuta waya. Kwenye kompyuta nyingi mlizompa, Windows ni ya kukrakiwa, kwa sababu leseni ilionekana ghali. Windows ya namna hiyo mara nyingi masasisho yake yamezimwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia na kufunga hadi hospitali za Uingereza, na kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft ilikuwa imeshakitoa tangu Machi. Waliokuwa wamesasisha walilala salama. Fundi wenu anaujua ukweli huu. Ameshauandika kwenye barua pepe ambayo haikujibiwa, kama nilivyoandika mimi. Na siku ikitokea, yeye ndiye atakayeandikiwa barua ya kujieleza.

Ninachowaomba hakihitaji mtaalamu kutoka nje wala mfumo wa mamilioni. Iwepo nakala moja isiyogusana kabisa na mtandao, diski iliyochomolewa, na ikae mtaa mwingine na ofisi, imefungwa kwa nywila ili akiiokota mtu asiweze kuisoma. Mnunue kompyuta ya pili, ile niliyonyimwa mimi. Kila miezi mitatu nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta hiyo na mtu ambaye siye aliyeitengeneza, kwa sababu aliyeitengeneza atatazama pale anapopajua. Mhasibu akae pembeni, achague mwenyewe ankara tatu na mteja mmoja mwenye deni, aone kama tarakimu zinalingana na karatasi zake. Akiridhika atie saini, na saini hiyo iingie kwenye muhtasari wa kikao cha bodi, ukurasa mmoja na taarifa ya fedha. Nasema bodi kwa makusudi. Jambo likiingia kwenye muhtasari wa bodi, maombi ya fundi hayarudi tena yameandikwa "subiri".

Mfanyakazi anapoacha kazi, idara ya utumishi imjulishe fundi siku hiyo hiyo, kabla ya keki. Barua pepe na programu za fedha ziwe na uthibitisho wa pili kwenye simu, tukianza na yako mkurugenzi, kwa sababu ukiibiwa wewe mhasibu atalipa ankara ya uongo akidhani umeagiza. Na mchape orodha ya wateja na madeni yao mara moja kwa mwezi, mweke kwenye sefu. Najua linasikika kama jambo la kizamani. Mimi nimeiona kauntabuku ya mama mhasibu ikilisha familia thelathini.

Kuna mengine, na mtaalamu yeyote atakayewatembelea atawapa orodha ndefu. Orodha hizo ni nzuri. Anzeni na hili la kufungua.

Ijumaa hii, kabla hamjaondoka kwenda misikitini au nyumbani, mwiteni fundi wenu ofisini. Mkaribisheni kiti. Msimwambie mnampima, mwambieni mnataka kujua pamoja naye. Mwombeni alete ankara moja ya Machi mwaka juzi kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye seva, huku seva ikiwa imezimwa. Tazameni saa. Ikipatikana, andikeni ilichukua dakika ngapi na nani aliitafuta. Isipopatikana, msimgombeze. Muulizeni anahitaji nini, na safari hii tieni saini kabla hajatoka mlangoni.

Wenu katika kazi,

Fundi TEHAMA,
Dar es Salaam